Mstari wa Chini

Nakala za kale za Hamziya zilizobaki katika mwambao wetu wa kaskazini zina sura ya peke yake. Mstari wa juu ni wa Kiarabu. Chini yake, kwa herufi zile zile za Kiarabu, umelala mstari wa pili, na huo ni wa Kiswahili. Kisha hufuata Kiarabu tena, na Kiswahili tena, beti kwa beti, mpaka qasida yote yenye beti zaidi ya 400 imalizike. Mwenye kuipekua hati ya namna hiyo haoni vitabu viwili vilivyoshonwa pamoja. Huona kitabu kimoja chenye pumzi mbili.

Qasida yenyewe ni ya Sharafuddin al-Busiri, mshairi wa Misri wa karne ya 13, yule yule aliyetunga Burda. Mfasiri ni Sayyid Aidarus bin Athumani wa Pate, na kazi yake ni miongoni mwa tungo kongwe za Kiswahili zilizotufikia kwa maandishi. Lizingatie hilo, ewe mpenzi wa ushairi: katika safu ya vitabu vyetu vya kale, pale mwanzoni kabisa, pamekaa tafsiri. Hata Chuo cha Tambuka cha Bwana Mwengo bin Athumani, kilichotungwa Pate mwaka 1728, kinasimulia vita vya Waislamu wa mwanzo na Herekali mfalme wa Rumi, kisa kilichotufikia kwa Kiarabu. Fasihi yetu iliyoandikwa haikuanza kwa mtu mwenye lugha moja aliyeyamwaga yaliyomo moyoni mwake. Ilianza kwa watu waliokaa baina ya lugha mbili, wakiipima hii kwa ile.

Nayataja haya kwa sababu siku hizi faida za kujua lugha zaidi ya moja zimekuwa mazungumzo ya kila baraza. Husemwa kuwa mwenye lugha mbili ana akili mbili, kwamba mtoto wake atashinda mitihani, kwamba uzeeni hatasahau jina la mkewe. Wazazi huyasikia hayo, wakamkataza mtoto Kiswahili nyumbani ili Kiingereza kimkae ulimini. Yaani huitafuta faida ya lugha mbili kwa kumwachia mtoto moja. Mimi si daktari wa ubongo. Ni mtunzi na mfasiri, niliyeijifunza kazi hii usiku, mimi na makamusi yangu, bila ya mwalimu. Lakini naona historia ya mwambao huu ina ushahidi wa kutosha juu ya jambo hili, na ushahidi huo haukubaliani na wanaosifu bila ya kipimo, wala haukubaliani na wanaokataza.

Tuutazame kwanza huo mstari wa chini namna unavyosomwa. Herufi za Kiarabu ziliundwa kwa sauti za Kiarabu. Kiarabu kina irabu tatu za msingi, nasi tunazo tano; kwa hivyo katika maandishi ya zamani kasra moja ilibeba i na e, na dhumma moja ikabeba u na o. Kiarabu hakina p, hakina v, wala hakina zile sauti zetu za mb na nd zinazotoka puani na mdomoni kwa pamoja. Waandishi wa kale hawakubuni herufi mpya kwa kila sauti. Walitumia ba kwa b, kwa p na kwa mb pia. Fa ikasimama kwa f na kwa v. Ghaini ikachukua g na ng na hata ile ng ya ng'ombe.

Sasa andika kafu yenye dhumma, kisha ba yenye fataha. Umeandika nini? Huenda umeandika kupa. Huenda ni kopa, au kumba, au komba, au kuba la msikiti. Kupa na kopa kwa herufi moja! Sijui wafanyabiashara wa zamani walikuwa na hali gani walipoandikiana hati za madeni. Jambo moja ni dhahiri: maandishi hayo hayasomeki na mtu anayetamka tu anachokiona. Msomaji hulazimika kuyaweka mbele ya macho ya akili maneno manne au matano, ayapitishe katika maana ya mstari mzima, katika mizani, katika kina, ndipo ateue moja na kuyaacha mengine. Na katika Hamziya alikuwa na msaada wa mstari wa juu, ambao humwambia ni maana gani anayoitafuta. Jicho hupanda Kiarabuni na kushuka Kiswahilini, hupanda na kushuka, kila neno.

Wapo waliolihesabu jambo hilo kuwa ni upungufu wa hati hizo, na mwishoni mwa karne ya 19 Mwalimu Sikujua wa Mombasa, aliyekuwa akishirikiana na mmisionari William Taylor, alikuwa miongoni mwa walioyatengeneza maandishi hayo yasomeke kwa wepesi zaidi. Alifanya vyema, na bila ya juhudi yake tungo nyingi za Muyaka zingepotea. Lakini naamini ule ugumu wa mwanzo ulikuwa na fadhila yake pia. Uliwazoesha wasomaji wa pwani kuiona lugha kuwa ni jambo la kuchagua. Mtoto aliyesoma chuoni alijua mapema kuwa alama iliyo karatasini si neno, na kuwa neno si kitu chenyewe. Mwenye lugha moja anaweza kuishi umri wake wote asilitambue hilo.

Ukitaka kuona ugumu huo ulivyozaa, tazama arudhi. Bahari za Kiarabu husimama juu ya silabi ndefu na silabi fupi. Hapo ndipo mwendo wa beti unapotoka. Kiswahili hakitofautishi maneno kwa urefu wa irabu kama Kiarabu kinavyofanya. Mshairi wa pwani aliyeisikia qasida ikisomwa, na kuijua, na kuipenda, alipojaribu kuileta nyumbani alikuta nguzo zake hazina pa kusimama. Alifanya nini basi? Alihesabu. Badala ya kupima urefu wa silabi, akazipima idadi zake, nasi tukapata mizani: nane katika mstari wa utenzi, kumi na tano katika kawafi, kumi na sita katika shairi. Hamza, ile herufi ya kukatika sauti kooni ambayo ndiyo kina cha qasida nzima ya al-Busiri na ndiyo iliyoipa jina, haina makao katika maneno ya Kiswahili. Lakini Kiswahili kina kitu ambacho Kiarabu hakina kwa wingi huo: karibu kila neno lake la asili hutua juu ya irabu, na vina vyake huja kama maji. Washairi wakalitambua hilo, wakaongeza vina vya kati juu ya vina vya mwisho.

Hata majina ya fani yetu ni ushahidi wa ndoa hiyo. Shairi, beti, mizani, takhmisa: hayo ni ya Kiarabu. Utenzi, kina, kituo, kibwagizo: hayo ni yetu kindakindaki. Bahari ni neno la Kiarabu, na Waarabu huliita kwa jina hilo hilo moja bahari ya maji na bahari ya ushairi. Sisi watu wa visiwani tulilipokea na maana zake zote mbili bila ya kushangaa, kana kwamba lilikuwa likitungoja ufukweni.

Jambo moja jingine kuhusu Sayyid Aidarus, nami naliona ni kubwa kuliko yote. Msomaji wa leo akiifungua tafsiri yake hukuta ni ngumu. Naye huenda akadhani ugumu huo ni Kiarabu kingi. Sivyo. Ni Kiswahili cha kale cha kaskazini, kilichojaa maneno ya asili yaliyokwisha kusahauliwa, hata huhitaji maelezo pembeni. Mtu aliyekijua Kiarabu kiasi cha kuifasiri Hamziya angeweza kuyaacha maneno ya al-Busiri yavuke kama yalivyo, na wasomaji wake, watu wa dini, wangemwelewa na pengine wangemsifu. Yeye alikwenda kuyafukua maneno ya bibi zake. Aliijua lugha ya pili vizuri, na kwa sababu hiyo hasa aliijua ya kwanza mpaka kwenye mizizi. Nimelishuhudia jambo hilo mara nyingi katika kazi hii ya tafsiri: wenye Kiingereza kidogo ndio wanaokimwaga katika kila sentensi. Mwenye nacho kingi hukiacha mlangoni pamoja na viatu.

Lugha hizo zilitufikiaje? Jibu lililozoeleka ni biashara, na ni jibu la kweli, lakini halitoshi. Wapo watu wengi duniani wanaouziana bidhaa kwa vidole na ishara. Sisi tulikuwa na pepo. Kaskazi ilivileta vyombo kutoka Arabuni na Bara Hindi tangu mwezi wa Disemba, na mabaharia hawakuweza kurudi mpaka kusi ivume, Aprili na kuendelea. Baina ya pepo hizo mbili mtu alikaa. Alipanga nyumba, aliugua, alidai na kudaiwa, mara nyingi alioa. Lugha hutaka muda, na muda huo tulipewa na upepo. Mpaka leo mtu wa pwani anapotaja saa moja ya asubuhi kwa Kiswahili na kuitaja saa saba kwa Kiingereza, bila ya kusita wala kutazama ukutani, hufanya bila ya kujijua hesabu ambayo wageni huishangaa.

Hata hivyo pepo haziuelezi mlango mwingine ambao lugha zilipitia, na mwandishi wa historia akiupita mlango huo kimya atakuwa anatunga sifa. Sayyida Salma binti Said, aliyezaliwa katika kasri la Mtoni, Unguja, mwaka 1844, ameisimulia nyumba ya baba yake katika kumbukumbu zake. Anasema kuwa mbele ya Sayyid Said bin Sultan kilisemwa Kiarabu peke yake. Lakini alipogeuza mgongo tu, zilifumuka lugha zote kwa pamoja: Kiarabu, Kiajemi, Kituruki, Kicherkesi, Kiswahili, Kinubi, Kihabeshi. Msomaji hucheka anapofika hapo. Akishacheka na aulize: Kicherkesi kilifikaje Mtoni? Kilifika kinywani mwa mama yake Salma mwenyewe, Jilfidan, aliyetekwa mtoto mdogo kwao Kaukazi akauzwa. Lugha nyingi miongoni mwa hizo ziliingia katika kasri zikiwa katika vinywa vya watu walionunuliwa. Kiswahili chenyewe, kilichotamalaki leo kutoka pwani hadi Kongo, kilipandishwa bara na misafara ya pembe na watumwa. Hatuwezi kuyahesabu manufaa ya lugha nyingi na kuificha bei iliyolipwa na wengine.

Katika nyumba hiyo wasichana walifundishwa kusoma, wala hawakufundishwa kuandika. Salma alijifundisha kwa siri. Alizinakili herufi za Qurani kwenye mfupa wa bega la ngamia, ambao ndio uliokuwa ubao wa chuoni wa zama zile, mpaka mkono ukazoea. Naikumbuka habari hiyo kila ninapokutana na mtu anayeona haya kwa kutosoma katika vyuo vikubwa. Mwaka 1866 aliondoka Unguja, mwaka uliofuata akaolewa mjini Aden na Heinrich Ruete, mfanyabiashara wa Kijerumani, wakaenda Hamburg. Mwaka 1870 mumewe akafa, akabaki na watoto wadogo katika nchi ambayo lugha yake alianza kujifunza akiwa mtu mzima. Kwa lugha hiyo aliandika kitabu, kikachapishwa Berlin mwaka 1886, naye kwa miaka kadhaa alijipatia riziki kwa kuwafundisha Wajerumani Kiarabu. Lile alilokatazwa na lile alilolazimishwa na dunia, yote mawili yakawa mkate wa watoto wake.

Salma alifariki Jena mwaka 1924. Mwaka mmoja kabla yake, mtafiti D. J. Saer alichapisha matokeo ya vipimo vya akili alivyowafanyia watoto wa Wales, huko Uingereza, ambako Kiwelisi kilisemwa pamoja na Kiingereza. Alisema kuwa watoto wa mashamba wenye lugha mbili walikuwa nyuma ya wenye lugha moja. Rai hiyo ilitawala kwa miaka mingi: kwamba lugha mbili humchanganya mtoto, kwamba kichwa ni debe na cha kwanza kikijaa cha pili humwagika. Baadaye wataalamu walimjibu kuwa alichokipima kilikuwa, kwa sehemu kubwa, umaskini na umbali wa mashamba. Lakini rai hiyo ilikuwa imekwisha kupata nguvu, na iliwafaa sana watawala. Ngũgĩ wa Thiong'o ameeleza namna watoto wa Kenya wa zama za ukoloni walivyoadhibiwa na kuvishwa kibao cha aibu kwa kukutwa wakisema lugha ya mama zao katika uwanja wa shule.

Mwaka 1962 Elizabeth Peal na Wallace Lambert waliwapima watoto wa miaka kumi mjini Montreal, Kanada, wakahakikisha kwanza kuwa hali za wazazi wao zinalingana. Matokeo yaligeuka: wenye lugha mbili walifanya vizuri zaidi. Mwaka 2007 Ellen Bialystok na wenzake waliangalia kumbukumbu za wagonjwa 184 wa kliniki moja ya Toronto, wazee walioingiwa na maradhi ya kupoteza kumbukumbu, wakaona kuwa kwa wale wenye lugha mbili dalili zilichelewa kwa miaka 4.1. Hao walikuwa wahamiaji wengi, na ikaulizwa kama si kuhama kwenyewe kulikowaimarisha. Ndipo mwaka 2013 ikaja kazi ya Hyderabad, Bara Hindi, kwa wagonjwa 648, watu wa mji ambao kusema lugha mbili au tatu ni jambo la sokoni. Kuchelewa kwa dalili kulikuwa kwa miaka 4.5, na kulionekana hata kwa wale ambao hawakusoma kabisa. Nilipoisoma habari hiyo niliwafikiria wachukuzi na wauza samaki wa bandari zetu, ambao hakuna mtu aliyewahi kuwaita wasomi.

Ningependa kuishia hapo, lakini si haki. Kuhusu watoto, sayansi imekuwa na tahadhari zaidi. Mwaka 2019 ilitolewa kazi iliyowahusisha watoto zaidi ya 4,500 wa Marekani wa miaka tisa na kumi, na haikuona kuwa wenye lugha mbili wanawapita wenzao katika kuitawala akili, yaani kujizuia, kuteua, kuhama kutoka jambo moja hadi jingine. Kuhusu wazee pia mjadala haujafungwa. Basi mzazi asiahidiwe kuwa lugha ya pili ni dawa ya kunywa asubuhi na jioni, mtoto akawa wa kwanza darasani. Kama faida ingekuwa katika kuwa nazo tu, kila mtu wa Zanzibar angekuwa mwanazuoni. Historia ya mstari wa chini yaonyesha jambo jingine: faida huja pale mtu anapozikutanisha lugha hizo juu ya kazi moja, akazilazimisha zijibizane.

Tunao walioifanya kazi hiyo katika karne iliyopita, na wawili kati yao wanastahili kutajwa hapa kwa sababu hawakukinyonya Kiswahili pamoja na maziwa kwa namna ambayo watu wa visiwani hupenda kujigambia. Shaaban Robert alizaliwa karibu na Tanga mwaka 1909 katika ukoo wa Kiyao. Mwaka 1952 ilichapishwa tafsiri yake ya Omar Khayyam. Khayyam alikuwa Mwajemi wa karne ya 11 na ya 12, na Shaaban Robert hakuzifuata rubai zake kwa Kiajemi. Alizifuata kwa Kiingereza cha Edward FitzGerald cha mwaka 1859. Wako wanaoidharau tafsiri ya tafsiri. Wamesahau kuwa Kiswahili kilikuwa na Uajemi ndani yake karne nyingi kabla ya FitzGerald: bandari, nahodha, bustani, rangi. Wamesahau pia kuwa ubeti wa mistari minne haukuwa mgeni kwa mtu aliyelelewa na mashairi ya pwani. Khayyam alipoingia kwa mlango wa Kiingereza alikuta jamaa zake wamekwisha kukaa barazani.

Wa pili ni Mwalimu Julius Nyerere. Lugha yake ya kwanza ilikuwa Kizanaki. Kiswahili alikipata skuli, Kiingereza baada yake, na baina ya 1949 na 1952 alisoma Edinburgh. Mwaka 1963, rais wa nchi iliyokuwa na umri wa miaka miwili, aliitoa tafsiri yake ya tamthilia ya Shakespeare kwa jina la Julius Caezar. Mwaka 1969 aliitoa upya, ikiwa imesahihishwa, na jina safari hii ni Juliasi Kaizari. Msomaji asilipite jambo hilo haraka. Mtu mwenye dola nzima mabegani alirudi mezani kuipima upya sentensi aliyokwisha kuichapisha. Katika tamthilia hiyo Antoni huhutubia mbele ya maiti, na nguvu ya hotuba yake yote ni neno moja la sifa analolirudia mpaka linageuka tusi. Kulipata neno la Kiswahili linaloweza kugeuzwa hivyo, lisivunjike wala lisichekeshe kabla ya wakati wake, ni kazi ya kumkosesha mtu usingizi. Kwa mwanasiasa nadhani ilikuwa pia ni darasa. Alijifunza, kwa lugha ya umma aliokuwa akiuongoza, namna umati unavyogeuzwa kwa neno.

Na katika mwaka huo huo wa 1969 ilitoka Qurani Takatifu ya Sheikh Abdulla Saleh Farsy, mwana wa Unguja, Kiswahili chake kikiwa pamoja na matini ya Kiarabu. Mstari wa chini ulikuwa umeingia mtamboni.

Turudi kwa watoto wetu. Sera ya elimu ya Zanzibar ya mwaka 2006 ilielekeza hisabati na sayansi zifundishwe kwa Kiingereza kuanzia darasa la tano, na mabishano yaliyofuata tunayakumbuka. Kila upande ulipigania lugha yake kana kwamba mtoto ni kiwanja na anayetangulia kujenga ndiye mwenyewe. Sikusikia wengi wakiuliza ni wapi, katika wiki nzima ya mtoto huyo, lugha zake zinakutana. Asubuhi yuko skuli, anasoma Kiswahili katika somo la Kiswahili na Kiingereza katika somo la Kiingereza, kila kimoja na daftari lake na mwalimu wake. Alasiri yuko chuoni, anasoma herufi za Kiarabu na kuzihifadhi aya ambazo mara nyingi maana yake hakuambiwa. Ana lugha tatu na hati mbili, jambo ambalo watoto wengi duniani hawana, lakini zimo katika vyumba vitatu na funguo zake wanazo watu watatu wasiosalimiana.

Hati zetu za kale nyingi sasa zimehifadhiwa London, Hamburg na maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na nyingine zimo katika masanduku ya nyumba za Lamu, Siyu na Pate. Waarabu huweza kuusoma mstari wa juu. Wa chini, ijapokuwa ni Kiswahili, Mswahili aliyesoma skuli peke yake hawezi kuusoma, kwa kuwa herufi hazijui. Na aliyesoma chuoni peke yake huzijua herufi lakini hakuwahi kuambiwa kuwa lugha yake huweza kuandikwa kwazo. Mtoto wa Unguja au Pemba wa miaka kumi na moja anavyo vyote viwili. Hahitaji jengo wala mfadhili. Mwalimu wa chuoni na aichukue chaki alasiri moja, aandike kafu na dhumma yake, ba na fataha yake, awaulize wanafunzi ni neno gani. Mmoja atasema kupa. Wa nyuma atapiga kelele kuwa ni kopa. Hapo mwalimu asijibu upesi. Awaongezee neno moja kabla yake na moja baada yake, awaache wabishane.